Nani Asikie Maumivu Yasiyolia?

Kiswahili kina tabia moja ambayo wageni huishangaa na sisi wenyewe wala hatuioni. Tunasikia maumivu. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, tunasikia harufu ya samaki wa jirani. Kitenzi cha sikio tunakipeleka tumboni, kwenye ngozi, puani, mpaka kwenye mifupa. Wapo walimu wa sarufi wanaotutaka tuseme "nahisi", na ni kweli neno lipo. Lakini daktari akikuuliza hali bado atasema, "Unajisikiaje?" Na kusikia hakuishii hapo. Mtoto mkaidi tunasema hasikii, hata kama masikio yake ni mazima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu likishavunjika ndipo husikia vizuri.

Nadhani katika matumizi haya kuna hoja nzito kuliko tunavyodhani. Kama maumivu yanasikika, basi ni ujumbe. Kuna anayetuma, kuna njia, kuna anayepokea. Na ujumbe wowote unaweza kupotea njiani. Swali langu ni la kimaadili, ingawa litapitia kwanza kwenye neva: mwili ukiumia na ujumbe usifike, ni nani anayepaswa kusikia? Ninaliuliza kwa sababu ya ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, ambako kila siku kuna watu wanaumia bila kusikia chochote.

Tuanze na njia yenyewe. Ukijikwaa kidole gumba usiku, utagundua jambo la ajabu kidogo. Kwanza unajua kwamba umegonga kitu. Halafu kuna kanafasi kafupi, kama pumzi, ambako unajiambia "hii itauma". Ndipo inauma. Kanafasi hako hatukabuni. Mguso husafiri kwenye nyuzi nene za neva zilizovikwa ala ya mafuta, na nyuzi hizo zinaweza kufikisha habari kwa mwendo wa hata mita 70 kwa sekunde. Maumivu makali ya mwanzo hutumia nyuzi nyembamba zaidi, zenye ala hafifu. Yale maumivu mazito ya baadaye, yanayofukuta na kukaa, hupita kwenye nyuzi nyembamba kabisa zisizo na ala, mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea bila haraka. Kutoka kidoleni hadi kichwani ni zaidi ya mita moja na nusu. Fanya hesabu mwenyewe.

Hata barabara zao ni tofauti. Habari ya mguso ikiingia kwenye uti wa mgongo hupanda upande ule ule ilikotoka na kuvuka karibu na shina la ubongo. Habari ya maumivu huvuka mapema, palepale chini, kisha hupanda upande wa pili. Zote hupita kituo kiitwacho thalamasi, katikati ya ubongo, kabla ya kugawanywa: huku sehemu inayosema "ni mguu wa kulia", huku sehemu inayosema "hili silipendi". Na njiani kuna kitu kama lango. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo ujumbe wa maumivu unaweza kupunguzwa na ujumbe wa mguso, na hata na amri zinazoshuka kutoka ubongoni. Mama aliyekusugua goti ulipoanguka alikuwa analijua lango hilo kwa mkono wake, hata kama hakuwahi kusikia majina ya hao wawili.

Kwa hiyo maumivu hayafanani na ile picha ya René Descartes ya karne ya 17, ya mtu aliyeweka mguu karibu na moto, na uzi unaovutwa kama kamba ya kengele mpaka kichwani. Kengele hii ina mabawabu wengi. Inaweza kulia pasipo na moto, kama mtu aliyekatwa mguu akaendelea kuumwa na mguu ambao haupo. Na moto unaweza kuwaka kengele isilie.

Hilo la pili ndilo linalonisumbua. Wengi wetu tukiulizwa tungesema maisha bila maumivu ni neema. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia kutoka kaskazini mwa Pakistan ambazo baadhi ya watoto wake hawakuwahi kusikia maumivu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja tu. Waliligundua jambo hilo kupitia mvulana aliyekuwa akijichoma visu mikononi na kukanyaga makaa barabarani ili apewe hela. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Hakuna kilichomwambia kwamba paa ni refu. Ugonjwa wa ukoma, ambao kwetu tunaujua kwa muda mrefu, unafundisha somo hilo hilo. Watu walidhani ukoma unakula vidole. Kumbe kidudu chake kinashambulia neva. Mtu anashika sufuria ya moto, anakanyaga mwiba, kidonda kinaoza naye hana habari. Vidole vinamalizwa na ganzi.

Basi twende Geita.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo haitoki ardhini ikiwa pete. Jiwe linatolewa kwenye duara, linapondwa, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa mwaloni. Kinachobaki ni mchanga mzito wenye chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni vizuri. Hapo inamwagwa zebaki. Zebaki ina tabia ya kuikumbatia dhahabu na kuacha mchanga. Mtu anaikoroga kwa mikono mitupu ndani ya karai, anaikamua kwenye kitambaa, anabaki na kidonge cheupe kama fedha. Kidonge kinawekwa motoni. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kupaa, dhahabu inabaki. Kazi imekwisha, sonara au soko la madini litamalizia.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Hauchomi koo kama moshi wa kuni, hauwashi macho kama pilipili. Ajabu ni kwamba ukimeza tone la zebaki tumboni, sehemu kubwa itapita na kutoka. Ukiivuta kama mvuke, takribani asilimia 80 inabaki mwilini kupitia mapafu, inaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu inavuka kwenda kwenye ubongo. Inavuka pia kondo la nyuma kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Miezi au miaka baadaye mikono inaanza kutetemeka. Usingizi unakimbia, kumbukumbu inapungua, hasira zinakuja bila sababu. Ile inayoanguka mitoni na ziwani hugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya aina nyingine, mbaya zaidi, inayopanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa mpaka kwenye sahani yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifika Rwamagasa, Geita, ukapima damu, mkojo na nywele za watu wanaoishi na kufanya kazi pale. Sumu ilionekana zaidi kwa wale wanaochoma. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwemo, na humo wamo watoto wanaoshika zebaki kwa mikono. Habari hizi hazikufichwa. Anayetaka kujua anaweza kujua. Tatizo ni kwamba haziumi.

Hapa ndipo falsafa inapobanwa. Sehemu kubwa ya maadili tuliyorithi, ya kwetu na ya kwao, imejengwa juu ya kilio. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alitaka mema na mabaya yapimwe kwa raha na maumivu. Hata juu ya wanyama aliona swali la msingi ni kama wanaweza kuteseka. Wahenga wetu nao wanasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: yaani uchungu ndio unaotufundisha kwamba mwenzetu naye ana ngozi. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha 1985 juu ya mwili ulio katika maumivu, alionyesha jinsi maumivu yalivyo ya uhakika kabisa kwa anayeyapata na ya mashaka kwa anayeelezwa. Ni hoja nzuri. Lakini wote hawa wanaanzia mahali ambapo yupo angalau mtu mmoja anayesikia, yule mwenye mwili. Kwa mchoma dhahabu hata huyo hayupo. Na sumu yenyewe inakwenda kukaa palepale ambapo habari zingepokelewa. Mwizi ameingia, na amemlevya mlinzi.

Najua jibu ambalo msomaji anaweza kuwa nalo, kwa sababu nimeshalisikia pale Katoro kutoka kwa kijana mmoja niliyekuwa nikibishana naye juu ya mambo haya. Aliniita "mwalimu", ingawa si mwalimu, nadhani kwa sababu nilikuwa naongea sana.

"Mwalimu," akasema, "hiyo zebaki itaniuma lini?"

Nikamwambia labda baada ya miaka kadhaa.

"Basi njaa inaniuma leo saa nane."

Hiyo ni hoja, na haijibiki kwa semina. Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata mantiki ya neva zake mwenyewe, zilizoumbwa kupiga kelele juu ya moto wa sasa na kunyamaza juu ya moto wa miaka kumi ijayo. Njaa ina nyuzi zake, deni la mwenye karasha lina nyuzi zake, ada ya shule ya mdogo wake ina nyuzi zake. Zebaki haina. Anayemwambia "chagua afya" anamtaka asikilize sauti ambayo haipo badala ya zile zinazompigia kelele.

Kutokana na hapo wengine wanahitimisha haraka: mtu mzima na mwili wake, aachwe. Mimi siwezi kufika huko, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, yule atakayetetemeka mikono akiwa na miaka 45 hakuwepo Katoro kujadiliana nasi. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, aliwahi kujenga hoja mwaka 1984 kwamba mimi wa baadaye anaweza kuwa karibu na mimi wa leo kwa namna ambayo jirani alivyo karibu nami, na kwamba kumtwisha mizigo yako huyo wa baadaye kunafanana na kumtwisha mtu mwingine. Sikubaliani naye katika yote. Ila hapa ananisaidia. Ridhaa ina maana pale mtu anapoweza kuonja anachokiridhia, japo kidogo. Mlevi anaijua hangover yake. Mchimbaji anayeingia kwenye duara refu anaijua hofu ya kuta kuporomoka, anaisikia tumboni kila akishuka. Mwenye kuvuta mvuke wa zebaki anasaini karatasi tupu.

Ya pili, kidonge mara nyingi huchomwa nyumbani, kwenye jiko lile lile la kupikia, kwa sababu nyumbani hakuna wezi. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Nimelitumia fumbo hili maisha yangu yote kama onyo la tabia, na hapa limegeuka kuwa maelezo ya kemia. Mvuke unakaa kwenye kuta na kwenye nguo. Mtoto aliyelala chumbani hakuchuma lolote.

Japani walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata, madaktari waliripoti ugonjwa usiojulikana: ganzi mikononi, miguuni na kuzunguka mdomo, watu kushindwa kutembea, paka wakirukaruka kama waliopagawa mpaka kufa. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kampuni ya Chisso na kuingia kwenye samaki. Kilichonishika zaidi katika habari ile ni akina mama. Walikuwepo wanawake wenye dalili kidogo sana, au wasio na dalili za kuonekana, waliozaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Ilichukua mpaka 1962 kwa watoto hao kutambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata, kwa sababu ilidhaniwa kondo la nyuma linamlinda mtoto dhidi ya sumu. Kumbe sumu ilikuwa imehamia kwa mtoto na kumwacha mama bila maumivu. Familia nyingi za Kijapani huhifadhi kipande cha kitovu kilichokaushwa, na vitovu hivyo baadaye vilipimwa na kutoa ushahidi. Sisi vitovu tunavizika, na mtu akiulizwa kwao husema ni pale kilipozikwa kitovu chake. Sijui kama tungechimbua ili kupima.

Kuna jambo jingine la Minamata. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji taka ya kiwanda, na paka akaugua vilevile kama watu. Matokeo yalizuiwa yasitoke. Umwagaji uliendelea hadi 1968. Yaani mfumo mzima wa kampuni ulikuwa na neva iliyosikia, na bawabu aliyefunga lango. Nikisoma habari hiyo siwezi tena kusema ganzi ni ajali tu ya mwili. Ipo ganzi inayotengenezwa ofisini.

Na hata ujumbe unapotokeza, unaweza kusomwa vibaya. Usukumani tunalo jeraha letu katika hili. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Shinyanga na maeneo jirani wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa kuwa na macho mekundu, macho ambayo yaliharibiwa na moshi wa miaka ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe. Mwili wa bibi ulikuwa unatoa taarifa juu ya jiko lake. Jamii ikaisoma kama hati ya mashtaka. Sasa mfikirie mwanamume wa miaka 40 anayeanza kutetemeka mikono, anayesahau, anayewaka hasira bila sababu. Ni rahisi kiasi gani kusema ni gongo? Ni rahisi kiasi gani kusema karogwa, au kwamba ni malipo ya dhahabu aliyoipata kwa ndagu? Tukisema hivyo tumeshasikia kitu, lakini tumesikia tulichotaka.

Kwa hiyo narudi kwenye swali. Nadhani wajibu wa kusikia unahama. Kwa kawaida wa kwanza kuwajibika na maumivu ni mwenye nayo: yeye ndiye hulia, sisi huitika. Pale ambapo mwenye mwili hawezi kusikia, wajibu huo unakwenda kwa wale wanaoweza kujua, na unakuwa mzito kadiri wanavyofaidika na ukimya wake. Kipimo cha mkojo pale zahanati ndiyo neva ambayo mwili hauna. Serikali iliyouridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 imekubali kwa maandishi kuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mnunuzi wa dhahabu naye ni msikilizaji, na muuza zebaki, na mwenye karasha, na bibi harusi wa Dar es Salaam au Dubai aliyevaa pete. Uchimbaji mdogo wa dhahabu unatoa zaidi ya theluthi ya zebaki yote ambayo binadamu anaimwaga hewani duniani. Huo si msiba wa kijiji kimoja kwamba tuwaachie wanakijiji.

Lakini kusikia hakumaanishi kupiga marufuku na kuondoka. Ukimnyang'anya mtu zebaki bila kumpa njia nyingine ya kuikamata dhahabu, umemtuliza mtu wa baadaye kwa kumtesa wa leo, na atachoma usiku, ndani, madirisha yamefungwa. Vipo vyombo vya kufunika kidonge kinapochomwa ili mvuke unaswe na kurudi kuwa kimiminika. Ipo mitambo inayotenganisha dhahabu kwa uzito wake bila zebaki. Vinahitaji mtaji, na swali la nani alipe haliwezi kuishia kwa yule anayesikia njaa saa nane. Kama nilivyosema, mzigo unakwenda kwa wanaofaidika na ukimya.

Tuna neno moja ambalo lugha nyingi hazina. Tunasema "pole". Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole, ingawa hukuliweka wewe lile jiwe. Si kuomba radhi, wala si kukiri kosa. Ni kusema tu kwamba maumivu yako yamefika hata kwangu. Ni neno zuri, na lina kasoro: linangoja mtu ajikwae. Tunaisema pole ya baada ya jeraha kwa ufasaha mkubwa, na pole ya kabla hatuna. Tunayo "pole na kazi", ambayo humwambia mtu mzima kabisa, asiyelalamika, kwamba kazi yake inamchosha hata kama hajasema. Nadhani hiyo ndiyo inayokaribia. Mchoma dhahabu wa Nyarugusu akitoka jioni, mikono ikiwa bado imetulia na hasikii lolote, ndiye wa kuambiwa pole na kazi, na anayemwambia awe amekuja na kipimo mkononi.